Shangazi Espérance na Yule Muogeleaji

Mpaka leo, nikipita karibu na mtu anayetia esansi ndani ya jenereta siku ya mvua, miguu yangu inasimama yenyewe. Pua inakuwa imeshanirudisha Mushaki, ndani ya ukumbi wa parokia, alasiri ya Jumapili, nimebanwa kati ya viwiko vya watu wazima. Haikuwa harufu ya esansi peke yake. Ilikuwa esansi pamoja na mablanketi yaliyoloa. Kila familia iliombwa kuleta blanketi moja la kufunika dirisha, kusudi mwanga wa mchana usile picha. Na mablanketi ya kwetu, ndugu zangu, yalikuwa yamelala na watu, na wakati wa baridi kali yalilala na ndama pia. Mvua ilipoyapiga kwa nje, yalitoa kwa ndani kila kitu yalichowahi kukijua: moshi, maziwa yaliyomwagika, mkojo wa ndama, jasho la babu.

Kwa asiyepajua, Mushaki iko kwenye barabara inayopanda kutoka Sake kwenda Masisi. Ni vilima vya majani, ng'ombe, na ukungu unaoingia nyumbani bila kubisha hodi. Sisi tulikuwa wafugaji. Tuliamka na maziwa, tulilala na maziwa, na yaliyobaki tuliyageuza kuwa fomaji, zile jibini za duara ambazo abiria wa malori walizinunua kupitia dirishani. Malori yalitelemka na maharagwe ya Nyabiondo na, mara mojamoja, barabara ikikubali, mafuta ya mawese kutoka Walikale. Miaka ile ninayoisimulia barabara ilikuwa imekubali. Hilo peke yake liliwafanya watu watafute sababu ya kukusanyika na kufurahi.

Sababu tuliletewa na Papa Kasereka, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa na duka kando ya barabara. Alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele na kuimba kwa sauti isiyolingana na ya mtu mwingine yeyote. Safari moja alirudi kutoka Goma na mashine ya kuonyeshea picha ukutani. Akaomba ukumbi kwa Padiri, akamsimamisha fundi wake, Fiston, kando ya picha ili atutafsirie. Fiston aliwahi kuishi Goma. Kwetu huo ulikuwa ushahidi wa kutosha kwamba anajua Kiingereza.

Nilienda na shangazi yangu. Yeye hakuwa mtu wa mikusanyiko. Siku ile alikuja kulinda blanketi, maana lilikuwa jipya na hakuwaamini majirani. Alikuwa dada mdogo wa Papa, baba yangu mzazi, na aliishi katika nyumba iliyo nyuma ya yetu, na fomaji zake ndizo zilizotafutwa kuliko zote. Mrefu, mwenye miguu mirefu, lakini alitembea ameinama kidogo, kama mtu anayepita chini ya mlango mfupi. Jina lake la ubatizo lilikuwa Espérance. Watu wote walimwita Mama Amina. Hakuwa na mtoto aitwaye Amina, hakuwa na mtoto kabisa, lakini mimi sikujiuliza. Nilimwita Shangazi Amina, naye aliitika. Kitu kimoja tu nilikiona cha ajabu: kanisani, sala ilipofika mwisho na watu wote kuitika, midomo yake ilijifunga.

Filamu ilianza na mwanamume mwenye mvi aliyekuwa akipangusa sakafu kando ya maji mengi ya buluu. Maji hayo yalikuwa ndani ya nyumba. Ukumbi wote ulilifikiria jambo hilo.

"Ile iko mahali ya kuogeshea ngombe," mzee mmoja nyuma yangu akasema kwa uhakika.

"Na ngombe iko wapi?" mwenzake akauliza.

"Itakuja."

Ng'ombe hawakuja. Fiston akatueleza kwamba mwanamume yule zamani alikuwa bingwa wa kuogelea. "Alikuwa anapita batu yote," akasema. "Kisha akaanza pombe. Siku moja akaenda kwa mashindano iko mulevi, bakamufukuza mbele ya batu. Bibi akaondoka na mutoto. Sasa njo anapangusa chini ya pale pale kwenye alikuwa anashinda."

Sijui ni maneno mangapi kati ya hayo yalikuwa ya filamu na mangapi yalikuwa ya Fiston. Lakini tulimwona yule bwana akidharauliwa na vijana wenye miili inayong'aa, tukamwona akiangalia picha ya binti yake, na wamama wakaanza kutikisa vichwa na kusema "pole, Papa" kama vile angewasikia. Kisha ikaja asubuhi moja, ndani ya filamu, ambapo hakuna mtu mwingine. Akavua viatu. Akasogea kwenye ukingo wa maji. Akatia mguu, akautoa. Akautia tena, akautoa. Fiston hakuwa na la kutafsiri, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu tuanze hakusema neno. Mvua ilisikika juu ya mabati. Ndipo nikasikia pumzi ya Shangazi kando yangu, nzito, yenye kukwama. Nikamgeukia. Alikuwa analia, na hakuwa anajipangusa.

Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia bila kufiwa. Nikarudisha macho ukutani haraka.

Yule bwana akajizoeza, akateseka, akakubaliwa kushindana pamoja na wale vijana. Wakaruka ndani ya maji. Alikuwa wa mwisho, kisha hakuwa wa mwisho, ukumbi wote umesimama, Papa Kasereka mwenyewe anapiga ngumi hewani, na hapo jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikafa. Giza. Mtu akavuta blanketi moja, mwanga wa mvua ukaingia, na ukuta ukabaki ukuta.

"Esansi imeisha," Papa Kasereka akasema kwa huzuni ya kweli. "Mutaona mwisho siku ya Mungu ijayo."

Nje, chini ya mapaa, watu hawakutawanyika. Kila mmoja alikuwa na mwisho wake. Wengine walisema alishinda, kwa sababu hakuna mtu wa kutengeneza filamu nzima juu ya mtu anayeshindwa. Wengine walisema mapafu ya mlevi hayawezi. Mchoma nyama wa pale barabarani akamwona Shangazi anatoka na blanketi lake.

"Mama Amina," akamwita, "weye njo unajua mambo ya kuachia mbio katikati. Alishinda ao hakushinda?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, kilikuwa kicheko cha watu wanaorudia jambo la zamani. Shangazi alilikunja blanketi taratibu, pembe kwa pembe.

"Sijui," akasema. "Lakini alikuwa bado ndani ya maji."

Nyumbani nilimuuliza Mama, tulipokuwa tukimenya viazi, yule mchoma nyama alikuwa na maana gani. Mama alichungulia mlangoni kwanza. Kisha akanisimulia.

Shangazi alipokuwa msichana wa shule hakuna aliyemweza kwa mbio, hata wavulana. Alitumwa Kirolirwe kupeleka habari, akarudi na majibu maharagwe yakiwa bado hayajaiva. Shule ikampeleka Goma kukimbia kwenye uwanja wa michezo, mbele ya watu wengi kuliko aliokuwa amewaona maisha yake yote. Sasa, kwetu mbio ni kutoka hapa na kufika pale. Hakuna aliyefikiria kumweleza kwamba mjini watu wanakimbia kwa kuzunguka, na kurudi mahali walipokuwa. Shangazi akawaacha wote mbali. Kengele ikapigwa, watu wakasimama na kupiga makofi, naye akajua amemaliza. Akapiga magoti palepale njiani, akafanya ishara ya msalaba, akainua mikono na kusema "Amina" kwa sauti iliyofika kwa waliokaa juu kabisa. Kengele ilikuwa ya kutangaza mzunguko wa mwisho. Wenzake wakampita, mmoja baada ya mwingine, wengine wakimruka miguu.

"Na akafanya nini?" nikauliza.

"Akasimama, akajipangusa vumbi, akatoka kwa mulango ya uwanja. Akapanda lori ya kurudi." Mama akatupa kiazi ndani ya maji. "Ile habari ilifika huku mbele yake."

Ndugu zangu, nilikuwa mtoto, lakini nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba wimbo anaopenda kuuimba ni tusi. Tangu jioni ile nikaanza kumwita Shangazi peke yake, bila jina. Sidhani hata kama alitambua.

Asubuhi yake niliamka kupeleka bidoni la maziwa barabarani. Ukungu ulikuwa umelala hadi kwenye magoti ya mikalitusi. Nikamkuta Shangazi amesimama kando ya barabara, amevaa suruali kuukuu ya Papa na kikwembe, kile kitenge cha kujifunga, kimefungwa juu yake kwa heshima, na viatu vya mpira vya shambani. Alisimama muda mrefu. Nilidhani anasubiri ukungu uondoke. Kisha akaanza kukimbia.

Alikimbia vibaya. Siwezi kuwadanganya. Alikimbia kama ng'ombe aliyesahauliwa kufunguliwa kamba ya mguuni. Wachukuzi wa maziwa waliomkuta njiani walipiga honi za pikipiki zao, na mmoja akapaza sauti, "Amina, Amina," kama padri anayeitikia misa yake mwenyewe. Shangazi hakugeuka. Alipotea kwenye kona, na aliporudi uso wake ulikuwa umelowa jasho na tope limefika kiunoni. Akanawa mikono, akaingia kutia chumvi fomaji zake. Kesho yake akatoka tena. Na kesho yake.

Jumapili ilipofika alinipa blanketi nilipeleke mwenyewe. Esansi ilikuwa imejaa, na tukauona mwisho. Yule bwana aliogelea kwa uchungu mpaka ukingoni, na Fiston akapiga kelele kwamba ameshinda, ameshinda, Mungu ni mwema. Lakini sisi ni watu wa kuhesabu ng'ombe wakipita kwenye mlango wa boma. Tuliona vizuri mikono iliyogusa ukingo kabla ya mkono wake. Alikuwa wa nne. Watu wakanung'unika kwa nguvu kwamba wamesubiri juma zima kumwona mtu wa nne.

"Munataka muntu ashinde siku yote?" Papa Kasereka akawauliza, amekasirika kama baba mzazi wa yule muogeleaji. "Hata sisi ya Butembo hatushinde siku yote."

Ndipo kwenye picha binti yake akatelemka ngazi, akamkumbatia na maji yake yote, na manung'uniko yakaisha. Mimi nilikuwa nimeshatoka mbio. Nilitaka niwe wa kwanza kumwambia Shangazi. Nilimkuta barabarani chini ya mvua, anapanda kilima, pumzi yake inatoka kama moshi. Aliponiona akainua kiganja.

"Usiniambie."

"Lakini Shangazi, alikuwa..."

"Usiniambie. Ya yule iko yake."

Akanipita.

Sikukuu ya parokia ilikuwa inakaribia. Padiri akatangaza michezo: mpira kwa vijana, mbio za magunia kwa watoto, na mbio za wamama, kutoka darajani kule chini mpaka mlango wa kanisa. Wanaotaka wainue mikono. Mikono michache iliinuka, kwa aibu na vicheko. Kisha kichwa kimoja kikageuka nyuma, kingine kikafuata, kanisa zima likageuka. Shangazi alikuwa ameinua mkono wake na aliuacha juu.

Mchana ule Papa hakugusa bugali yake. Alikuwa mtu mpole, aliyeongea na ng'ombe kuliko na watu. "Espérance," akasema, "batu balituchekelea miaka mingi. Sasa njo ilikuwa inapoa. Unataka kuipasha tena?"

"Kaka, haikupoa. Muliizoea tu."

"Na ukishindwa?"

"Nitashindwa kisha ya kufika."

Papa akasukuma sahani, akaenda kwa ng'ombe wake. Mama akatuashiria tuendelee kula, akaifunika bugali yake.

Siku ya sikukuu jua lilitoka, jambo ambalo Padiri alilihesabu kama muujiza. Wamama walikuja kutoka kila upande. Kutoka Nyabiondo alikuja mwalimu kijana aitwaye Riziki, mwenye miguu myembamba na viatu vya kweli vya kukimbilia; watu walipoviona walijua habari imeisha. Papa alikuwa amevaa viatu vyake vya misa, vyeusi, vilivyopakwa rangi. Alisimama karibu na kamba iliyofungwa mbele ya kanisa, amekunja mikono, na uso wa mtu anayesubiri kuletewa maiti.

Kutoka pale juu tuliiona barabara yote. Walipoanza walikuwa rundo la vikwembe vya rangi rangi. Kwenye kona ya kwanza rundo likafunguka. Wengine walikaa chini na kujicheka. Kwenye mteremko wa mwisho, ambao kwa aliye chini ni mlima, walibaki wawili waliokuwa wakikimbia kweli. Riziki alikuwa mbele. Nyuma yake, na viatu vya shambani, akinyanyua magoti kama mtu anayekanyaga maji ya mto, alikuja Shangazi. Hakuwa tena yule wa asubuhi ya kwanza. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba yeye ni mrefu kiasi kile.

Alimkaribia Riziki, akamkaribia sana, lakini ujana ni ujana. Riziki alikata kamba kwanza. Shangazi akapita nyuma yake hatua chache tu, na watu wakapiga makofi, maana mtu wa pili kwa umri ule si mchezo.

Lakini Shangazi hakusimama.

Akaupita mlango wa kanisa. Akawapita wamama waliokuwa wakipika kwenye masufuria makubwa. Akalipita duka la Papa Kasereka, macho mbele, mikono inafanya kazi, akashika barabara ya kwenda Masisi. Kwanza watu waligeuza shingo kumfuata kwa macho. Kisha mtu mmoja akacheka, na kicheko kikaanza kupita kwa watu kama moto kwenye majani makavu. Nikaona Papa amekunjua mikono. Akaanza kumkimbilia.

Papa yangu, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata ng'ombe wakivamia shamba la padri. Alikimbia na viatu vya misa ndani ya tope, koti linapepea, kofia ikaanguka hakuiokota. Nasi watoto tukamfuata, kwa sababu watoto hufuata chochote kinachokimbia.

"Espérance," aliita. Sauti yake ilisikika mpaka kanisani. "Espérance. Imeisha."

Alimfikia pale barabara inapoanza kupinda. Shangazi akapunguza mwendo, lakini hakusimama kabisa. Aliendelea kurukaruka mahali pamoja.

"Uko na hakika?" akauliza.

"Niko na hakika."

"Kaka, uliza Padiri."

Papa akainama, mikono magotini, akijaribu kupata pumzi. Mabega yake yalitikisika, na sisi watoto tulishindwa kujua kama anacheka au analia. Nadhani hata yeye hakujua. "Nimeona na macho yangu," akasema mwishowe. "Imeisha, mudogo wangu. Umefika."

Hapo ndipo akasimama. Walirudi wameshikana mikono, polepole, na waliokuwa wakicheka walikuwa wamenyamaza. Mama mmoja muuza maziwa akaanza kupiga makofi, si yale ya haraka ya mchezo, yale ya kupokea mtu aliyetoka safari. Wengine wakamfuata. Zawadi ya pili ilikuwa beseni la plastiki la kijani. Shangazi alilibeba kichwani mpaka nyumbani.

Jina halikufa siku ile. Kwetu majina hayafi kirahisi. Jumapili iliyofuata nilikaa karibu naye kanisani kwa makusudi, nikamtegea sikio mwisho wa sala. Midomo yake ilibaki imefungwa. Ilichukua muda mrefu mpaka ikafunguka. Lakini wasichana watatu wanne wa shule walianza kumsubiri asubuhi barabarani, na alikubali wamfuate, na jambo la kwanza alilowafundisha lilikuwa kuuliza, kabla ya mbio yoyote, inaishia wapi.

Miaka mingi nilidhani kwamba siku kubwa ya Shangazi ilikuwa ile ya sikukuu. Niliisimulia hivyo kwa kila mtu. Kisha nikaenda Goma kusoma, nikafanya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na nikashindwa. Nilirudi Mushaki nikajificha. Nilikataa katakata kurudi kukaa darasa lilelile pamoja na waliokuwa wadogo zangu jana. Papa alibembeleza, Mama akaomba. Siku moja Shangazi akaja na kikombe cha mashanza, maziwa yetu ya mgando, akakaa kando yangu kwenye ukuta wa zizi. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe.

"Batu banacheka siku moja," akasema bila salamu, "kisha banaenda kupika. Miye njo niliendelea kujicheka miaka yote, bila kupumuzika."

Akatazama ndama.

"Kule Goma ilibakia muzunguko moja tu. Niliwaona mbele yangu, hawakukuwa mbali. Nguvu nilikuwa nayo. Miguu haikunikatalia." Akanisogezea kikombe. "Siku ya sikukuu haikukuwa ngumu, batu yote ilikuwa inakimbia. Ngumu ilikuwa ile asubuhi ya kwanza, kutoka mu nyumba."

Ndipo nikaelewa kwa nini alilia pale ukumbini kabla ya mashindano yoyote, alipomwona mtu peke yake akitia mguu ndani ya maji ambayo hakuna aliyemwomba ayarudie. Na nikaelewa kwamba asubuhi ile kando ya barabara hakuwa akisubiri ukungu uondoke. Mimi nilikuwepo, na bidoni langu mkononi, nikimtazama akifanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, na nilichokiona ni viatu vibaya na mbio mbaya.

Shule ilipofunguliwa nilipanda lori la maharagwe. Nilisimama kwanza nje ya mlango wa darasa, muda mrefu kidogo, kisha nikaingia. Walinigeukia wote. Wengine walicheka, na mmoja akauliza kama nimekuja kufundisha. Nikakaa, nikafungua daftari. Kabla ya saa sita walikuwa wameshaanza kuzungumza juu ya chakula.